Mshika kibendera akisimama tuli, mwendee

Goli lililonifundisha kazi hii ya urefa nililikubali mwenyewe. Ilikuwa Wete, mechi ya mitaa, jua limeshalala juu ya migomba. Kijana alipiga shuti nje ya kumi na nane. Mwenzake kasimama mbele ya kipa, hatua mbili hivi. Mpira ukampita ubavuni bila ya kumgusa, ukaingia wavuni. Nikapuliza kipenga, nikaonesha kati.

Mshika kibendera wangu hakukimbia. Alibaki tuli palepale, kibendera chini. Nilimwona, nikadhani kachoka! Mpira ukaanzishwa, basi tena: mchezo ukishaanza upya, refa habadilishi uamuzi.

Tulihesabiana baadaye chini ya mwembe. Yeye aliona yule wa mbele ya kipa kaotea, yaani shuti lilipopigwa alishawapita mabeki wote, ila kutoka pembeni hakuweza kujua kama kamziba kipa macho. Mimi nilimwona kipa akichungulia huku na huku, ila sikujua kama jamaa kaotea. Kila mmoja kashika nusu ya jibu, goli likapita katikati yetu.

Kusimama mahali pa kuotea peke yake si kosa. Sheria ya 11 inaadhibu kuingilia mchezo: kuugusa mpira uliotoka kwa mwenzako, kumziba mpinzani asione, kumgombea mpira. Watazamaji wengi wanashika hilo la kugusa tu, na ugomvi wote hutokea hapo.

Siku hizi kabla ya mechi tunakaa dakika tano. Namwambia mwenzangu: wewe nipe mahali aliposimama, macho ya kipa niachie mimi. Huna shaka na goli, kimbia kuelekea katikati. Una shaka, simama, nitakuja. Nikifika namuuliza neno moja, kwa namba ya jezi ya mchezaji: "Tisa kaotea?" Simuulizi "unaonaje", maana hilo linafungua baraza. Wachezaji wakae mbali, khasa kapteni mwenye maneno mengi, na kipenga cha kuanzisha sikipulizi mpaka tuwe tumeangaliana. Vile vidude vya masikioni vya kwenye televisheni huku hatuna.

Msimu uliofuata yakatokea yaleyale, Chake Chake. Akasimama, nikamwendea.

"Tisa?"

"Kaotea, sheikh."

Nikalikataa goli, nikanyanyua mkono juu, faulo isiyo ya moja kwa moja. Kocha alinifuata mpaka kwenye baiskeli yangu, akiapa kuwa mchezaji wake hakuugusa mpira.

"Kweli," nikamwambia, "hakuugusa."