Kunyonyesha ukiwa na VVU: anza na watu wa nyumbani

Nilipimwa mwaka 2020, siku ya kwanza ya kliniki, mimba ikiwa na wiki 14. Nilikwenda na mume wangu kwa sababu kliniki yetu hapa Mbeya huwataka wenza waje pamoja. Tukapimwa wote wawili. Mimi nikakutwa na virusi, yeye akakutwa hana. Dawa za kufubaza virusi (ARV) nilianza siku hiyo hiyo, kidonge kimoja kwa siku, na sijaacha mpaka leo.

Namwandikia mama aliyepewa majibu wiki hii na sasa amekaa kitandani anajiuliza kama ameshamuua mwanawe. Hujamuua. Pasipo tiba yoyote, katika kila watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa kunyonya. Mama akimeza dawa sawasawa na mtoto akapewa zake, wanaoambukizwa hushuka chini ya 5. Ukianza mapema na virusi vikafubaa kabisa, hatari inakuwa ndogo zaidi ya hapo.

Kidonge chenyewe hakinisumbui. Kuna jambo moja tu ambalo wengi hatuambiwi: vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki. Dawa ya sasa ina dolutegravir, na madini ya chuma au kalsiamu huizuia isifyonzwe vizuri. Ama umeze vyote pamoja na chakula, ama umeze ARV masaa mawili kabla ya vidonge vya damu. Mimi nilitenganisha kabisa: vya damu asubuhi baada ya chai, ARV saa tatu usiku.

Kilichonitoa jasho ni nyumba yangu mwenyewe.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu kunihudumia uzazi, na mkungu wa ndizi kichwani na furaha isiyofichika. Hakuwa anajua. Kopo la dawa nililificha ndani ya begi la khanga, nikalishindilia pamba vidonge visigongane nikilitoa. Mtoto naye alikuwa na nevirapine ya maji, dawa ya kumkinga na virusi, mililita 1.5 kila siku kwa wiki sita. Mama alipouliza nikamwambia ni vitamini. Uongo mmoja ukazaa mwingine.

Wiki ya tatu nilitoka kuoga nikamkuta amempakata mtoto, pembeni kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Koo lake linakauka, mwanangu. Wote tumelelewa hivi."

Nikasema daktari amekataza. Akaniuliza huyo daktari amezaa wangapi.

Ndugu yangu, hapa ndipo penye hatari yenyewe. Miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake: hapana maji, hapana uji mwepesi, hapana dawa ya chango. Utumbo wake bado ni mwororo, na vitu vingine vinaukwaruza na kuvipa virusi vilivyomo kwenye maziwa njia ya kupenya. Kama ameshalishwa, usikate kunyonyesha kwa hofu na usinyamaze. Mwambie nesi, uendelee na maziwa yako na dawa yako. Na mama wengi huteleza kipindi hiki hiki cha kunyonyesha, kwa sababu nyumba imejaa wageni na hakuna pa kumezea kidonge.

Usiku ule nilimwambia mume wangu siwezi tena. Asubuhi akaongea na mama yake jikoni, mimi nikiwa nyuma ya mlango na mtoto mgongoni. Alipomaliza, mama hakusema neno. Chai ilipoa mbele yake. Kisha akaniita, akanieleza habari za binti yake mkubwa aliyefariki mwaka 1998, na mtoto wake wa miezi minane aliyemfuata. Miaka ile ARV za bure hazikuwepo. Hospitali zetu zilianza kuzipata 2004.

"Yule hakuwa na kidonge," akasema. "Wewe unacho. Kimeze mbele yangu."

Tangu siku hiyo ikikaribia saa tatu usiku yeye ndiye aliyeniletea maji. Majirani walipokuja na ushauri wa uji, aliwajibu yeye.

Najua si kila mkwe ni huyu wangu. Ndiyo maana sisemi umwambie kila mtu. Nasema tafuta mmoja ndani ya nyumba, awe mume, dada, au mama yako mzazi. Kama unahofia mume atakupiga au kukufukuza, usimwambie peke yako usiku chumbani. Mwombe nesi akusaidie, au rudini mkapimwe pamoja, mshauri awepo. Mhudumu anatakiwa kukutunzia siri yako. Waulize pia kama kuna akina mama waliopitia njia hii; vituo vingi wanao, na hao watakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Chuchu ikichanika au titi likivimba na kuuma, wahi kituoni siku hiyo hiyo, maana hali hiyo huongeza hatari. Ulizia kipimo cha wingi wa virusi vyako.

Halafu vipimo vya mtoto, usivikimbie. Akiwa na wiki sita walimtoboa kisigino, damu ikadondoshewa kwenye viduara vya karatasi nyeupe, na akaanza cotrimoxazole, dawa ya kumkinga na magonjwa mengine. Sampuli yetu ya kwanza maabara iliikataa, damu haikutosha, na hakuna aliyenipigia simu. Nilijua baada ya kwenda kuuliza mwenyewe. Basi uliza majibu yanatoka lini, na yakichelewa, rudi. Wangu alipimwa tena akiwa na miezi tisa, na baada ya kuacha kunyonya. Akiwa na miezi 18 wakapima mara ya mwisho. Hana.

Wewe uliyekutwa huna virusi, pimwa tena ujauzito ukikua na wakati unanyonyesha. Mama anayeambukizwa katikati ya mimba au kunyonyesha huwa na virusi vingi sana mwilini, na hajui.

Sasa nina mimba ya pili, mwezi wa nne. Wiki iliyopita nilitoa damu ya wingi wa virusi, majibu yamerudi havionekani. Mama amepiga simu kutoka Tukuyu kuuliza aje tarehe ngapi.