Vidole kufa ganzi usiku wa kilele Kilimanjaro: endelea au geuza?

Mkuu, umeuliza kama vidole vikifa ganzi ukitoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Uhuru unaweza kuendelea, na kama kuvisugua kunasaidia. Kusugua, hapana kabisa. Kuendelea kunategemea vikibonyezwa vikoje.

Wengi huondoka kambini saa sita usiku, kwa hiyo baridi inapokuwa kali zaidi, alfajiri, wako karibu na Stella Point (ukingoni mwa kreta, mita 5,756) na upepo hauna kizuizi. Nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri si ajabu.

Kidole kikiwa na ganzi lakini bado laini, kaa nyuma ya mwamba, vua glavu, kiweke kwapani ngozi kwa ngozi dakika 10. Cha mguuni, vua kiatu, unyayo uingie tumboni kwa mwenzako chini ya koti. Hisia ikirudi kwa kuwasha na kuchoma, endelea. Isiporudi, shuka. Legeza na kamba: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na hicho ndicho chanzo mara nyingi. Sisi weusi tusingoje kidole kiwe cheupe. Huwa kijivu kilichopauka, angalia chini ya kucha.

Kikiwa kigumu, hakibonyei, kimeganda. Usikiyeyushe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, maana kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi. Bora mwenye kidole ashuke akitembea nacho hivyohivyo. Mahali salama, kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 (yapime kwa kiwiko chako, si kwa kidole chake chenye ganzi) dakika 20 hadi 30, mpaka kilainike na rangi irudi. Maji yakipoa, toa kidole kwanza ndipo uongeze ya moto. Maumivu ni makali. Ibuprofen miligramu 400, kama hana vidonda vya tumbo wala shida ya figo. Malengelenge usipasue. Mguu ukishayeyushwa asiukanyage tena: machela, kisha hospitali Moshi.

Mwili mzima ukipoa ni habari nyingine. Anayetetemeka bado anapambana. Mtazame anaposhindwa kufunga zipu, ulimi ukiwa mzito, akiyumba. Dalili hizo hufanana na ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko; usipoteze muda kubishana ni kipi, mshushe. Kutetemeka kukikoma na bado ni wa baridi, asitembezwe. Mlaze juu ya godoro, mvue nguo zenye jasho, mwingize kwenye begi la kulalia, chupa za maji moto ndani ya soksi kwapani na kifuani. Mbebeni taratibu, kutikiswa kunaweza kuvuruga moyo. Chai ya sukari mpe tu kama anaweza kumeza mwenyewe. Pombe kali isiguswe, inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka.

Na wapagazi msiwasahau. Wao hupatwa na baridi jioni kambini, wamelowa mvua ya msituni, wamevaa jinzi, na hakuna anayewauliza.