Kabla ya Kulipia Gari la Kijapani, Inama Uangalie Masega

Jamaa na majirani wanaponiomba niwasindikize kukagua gari hapa Malindi, mara nyingi huanza na rangi, viti na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, nami huwaomba tuanze chini. Gari la mtumba kutoka Japani hubeba chini yake vitu viwili ambavyo kwa sisi wakazi wa pwani huamua kama fedha zimekwenda mahali pema: vyuma ambavyo huenda vimeshaanza kuliwa na kutu, na masega, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, ambayo siku hizi wezi wanayatamani kuliko redio na vioo vya pembeni.

Thamani ya masega iko ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na bomba la ekzosi. Humo mna kauri yenye vijitundu vingi vyembamba, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini unapopita hapo masega yakiwa yameshapata moto, gesi ya kaboni monoksidi, mabaki ya petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, maji na nitrojeni. Madini yenyewe ni gramu chache tu kwa kila gari, lakini ni adimu mno. Sehemu kubwa ya rodiamu ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, na mwaka 2021 aunsi moja ilivuka dola 20,000. Bei imeshuka sana tangu wakati huo, lakini bado inatosha kumtia tamaa mtu anayelipwa ujira wa kibarua.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, mwizi hujiingiza chini ya gari lililoegeshwa barabarani usiku, akakata bomba kwa msumeno na kuondoka baada ya dakika chache. Huku kwetu wizi wa namna hiyo upo, lakini kwa niliyoyaona kwa macho yangu, masega mengi hutoka mchana, ndani ya gereji, mwenye gari akiwa ameukabidhi ufunguo kwa hiari yake. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kulijua gari lako kabla fundi hajaligusa, na ujuzi huo huanza siku ya kununua.

Mjomba wangu ana Noah anayobebea wageni kati ya Malindi na Watamu. Aliipeleka kwenye gereji moja iliyosifiwa ili izibwe silensa iliyokuwa ikivujisha moshi, na aliporudishiwa aliona kwamba mngurumo umekuwa mzito na harufu ya moshi inakereketa koo wakati gari limesimama. Baada ya muda mfupi taa ya injini ikawaka. Tulipolipandisha gari, kopo la masega lilikuwa mahali pake kama kawaida, na mtu asiyechunguza angesema hakuna kilichopotea. Lakini ubavuni mwake palikuwa na mstari mpya wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi na kusiribwa grisi. Kopo lilikuwa limechanwa, likatolewa kauri yote, kisha likafungwa tena likiwa tupu. Wenye gereji walikana, na hatukuwa na picha ya kuonyesha kopo lilivyokuwa kabla ya siku ile. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu mjomba ni mtu wa kuamini watu, na gari lile ndilo linalolipa karo za watoto wake.

Tangu hapo nimejifunza kuikagua sehemu hiyo kwa utulivu, na hatua nyingi hazihitaji mtambo. Ukiwa na tochi, fuata bomba la ekzosi kutoka kwenye injini kurudi nyuma, ukitafuta chomeleo lisilofanana na mengine. Yale ya kiwandani ni membamba na yanalingana, ya gereji huwa na mabonge. Injini ikiwa imepoa, gonga kopo taratibu kwa kifundo cha kidole: kopo lenye kauri hutoa sauti butu, lililo tupu hulia kama debe. Ukisikia vipande vinachezacheza ndani, huenda kauri imevunjika. Kisha uingie ndani ya gari, uwashe swichi bila kuwasha injini, na uitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Taa hiyo lazima iwake wakati huo na izimike injini inapoanza kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiua makusudi ili isitoe siri, na hapo mimi huacha mazungumzo ya bei mpaka gari lipimwe kwa kompyuta. Msimbo P0420 humaanisha kwamba kompyuta ya gari imeona masega hayafanyi kazi inavyotakiwa. Hata usipoonekana, usiridhike upesi, kwa kuwa wapo mafundi wanaojua kuisogeza sensa ya nyuma, ile inayopima moshi uliokwisha kupita kwenye masega, kwa kipande cha chuma ili kompyuta idanganyike.

Kuna kauli moja ya gereji ambayo ningependa kila mwenye gari aifahamu: "Masega yameziba, ndiyo maana gari halina nguvu. Tuyatoe." Ni kweli kwamba masega huweza kuziba, lakini hayazibi bila sababu. Mara nyingi injini inakula oili, au plagi moja haichomi sawasawa na petroli mbichi inafika kwenye ekzosi ikaiunguzia kauri. Fundi mwaminifu ataitafuta sababu hiyo kwanza, na atapima shinikizo la moshi kabla ya kukata chochote. Akishathibitisha kwamba yameziba, mwambie kwa heshima kwamba kifaa cha zamani utaondoka nacho wewe, kwa sababu ni mali yako. Nimeona mazungumzo mengi yakibadilika ghafla baada ya ombi hilo dogo.

Gari linapokwenda gereji, hata kwa kubadilishwa oili tu, piga picha za chini yake siku hiyo hiyo, zikionyesha kopo la masega na nambari ya usajili. Andikiana na fundi kazi itakayofanywa, na ikiwezekana keti hapo mpaka imalizike. Hakuna utovu wa adabu katika kukaa karibu na mali yako. Mjomba sasa amechorea nambari ya chasisi kwenye kopo kwa mashine ya kuchonga na kuipaka rangi isiyoharibiwa na joto, na amechomelea vyuma viwili vinavyolifunga kopo kwenye ubavu wa chasisi. Vyuma hivyo havimzuii mwizi mwenye grenda na saa nzima mkononi, lakini vinamchelewesha, na mwizi hapendi kuchelewa.

Sasa turudi kwenye kuchagua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu usajili wake wa kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa anayeagiza mwenyewe kupitia Mombasa, hati yenye faida kubwa kuliko picha zote zinazong'aa ni karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya mkaguzi wa mnada kuhusu hali ya gari. Alama ya 4 au 4.5 ni ya gari lililotunzwa, 3.5 huwa na kasoro zinazoonekana, na R au RA humaanisha gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo na U ni mbonyeo, mambo ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Herufi zinazonihangaisha mimi ni S na C, kwa kuwa zinaeleza kutu.

Katika mikoa yenye theluji kama Hokkaido na Aomori, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hujificha kwenye maungio ya chasisi na kwenye mabomba ya breki. Gari la namna hiyo likishushwa Mombasa na kuletwa Malindi, linakutana na upepo wa bahari mwaka mzima, kusi na kaskazi, na kutu iliyokuwa imelala inaamka. Mtu wa Nairobi anaweza kulivumilia kwa miaka. Sisi hatuna anasa hiyo, na wanaoendesha kila siku upande wa Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi wanalijua hilo kuliko mimi. Muulize muuzaji gari lilisajiliwa mkoa gani, na uombe picha za chini yake kabla ya kutuma hata senti moja.

Kuhusu kilomita, gari la binafsi nchini Japani hukaguliwa na serikali mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa kwenye cheti. Linganisha tarakimu hizo na za karatasi ya mnada. Na kwa gari lililokwisha kusajiliwa hapa nchini, tafuta kumbukumbu zake za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulinganishe nambari ya chasisi na ya injini na zile zilizochorwa kwenye chuma chenyewe.

Katika kuchagua aina ya gari, mimi huuliza masega yake yako wapi. Magari mengi madogo ya siku hizi yana masega yaliyoshikamana na injini, chini ya boneti, na kuyatoa ni kazi ndefu. Magari yaliyoinuka kama Hiace na Prado humruhusu mwizi aingie chini bila jeki. Toyota Prius ina tatizo la pekee: injini yake huzimika na kuwaka mara kwa mara, masega hupoa, na kwa hiyo hupewa madini mengi zaidi ili yafanye kazi upesi, jambo ambalo wezi wa dunia nzima wanalijua. Simkatazi mtu kununua gari la haibridi, kwa kuwa petroli ni ghali na safari ya Mombasa ni ya kilomita 120 hivi. Namwomba tu ajue kwamba tundu la hewa ya kupozea betri liko karibu na kiti cha nyuma, na vumbi la njia za Marafa na Baricho huliziba asipolisafisha. Anayepita njia hizo kila wiki akiwa na mizigo, Probox au gari linalofanana nayo litamfaa zaidi, na vipuri vyake hapotezi muda kuvitafuta.

Ukiibiwa licha ya tahadhari hizo, nenda polisi siku hiyo hiyo upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha umpigie wakala wa bima na umuulize waziwazi kama bima yako kubwa inalipia wizi wa sehemu ya gari, kwa kuwa baadhi ya mikataba huweka kiwango au hukataa kabisa. Usikubali kutiwa bomba tupu kama suluhisho la kudumu: moshi wake una sumu, na ekzosi iliyochomelewa vibaya inaweza kuvujisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, mpaka ndani ya gari walimoketi watoto. Wala usinunue masega ya mtumba kwa mtu asiyetoa risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anayemuuzia, kwa hiyo mwombe mnunuzi wa vyuma wa mtaani kwako akuonyeshe leseni hiyo, na umwachie nakala ya picha za kopo lako pamoja na nambari uliyolichora.