Maswali ya wasomaji: Sekondari mbili za serikali, nimpeleke ipi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mwanangu anamaliza shule ya msingi mwaka huu na huku kwetu kuna sekondari mbili za serikali anazoweza kwenda. Moja ufaulu wake asilimia 80, kila mtu anaisifia ila iko mbali. Nyingine iko karibu, ufaulu kama asilimia 69. Baba yake anasema hapa hamna cha kujadili, namba zinajieleza. Mi roho inasita. Nizilinganishe vipi? (Mama J)

JIBU: Mama J, usiipuuze hiyo roho. Kwanza tuulizane, hiyo asilimia 80 ni ya kina nani? Ni ya wale waliokaa kwenye chumba cha mtihani, sio ya wote walioanza kidato cha kwanza, na hapo ndo wazazi wengi tunapigwa chenga.

Tuchukulie hivi. Shule ya mbali ilipokea watoto 140, wakafika mtihani wa mwisho 100, wakafaulu 80. Shule ya karibu ilipokea 100, wakafika 95, wakafaulu 66. Kwenye matangazo, ya mbali ina asilimia 80 na ya karibu ina 69. Ila ukihesabu kuanzia siku ya kwanza, ya mbali imefaulisha watoto 57 katika kila 100 walioingia na ya karibu imefaulisha 66. Umeona ilivyogeuka? Na mwanao anaingia kidato cha kwanza, haingii chumba cha mtihani, kwahiyo hesabu inayokuhusu ni hii ya pili.

Sasa wale 40 wameenda wapi? Wengine familia zimehama, hiyo kawaida, wengine wamekaririshwa, wengine wameacha masomo, na kuna shule nyingine zinamwita mzazi mwaka mmoja kabla ya mtihani anaambiwa kwa upole kabisa mama huyu mtoto umtafutie sehemu nyingine. Hilo linaniumiza sana maana yule mtoto hahesabiwi popote na shule inaendelea kupongezwa. Kwahiyo ukienda pale uliza wazi, hawa wanaomaliza mwaka huu walianza wangapi? Mwalimu mkuu anayejiamini atakutajia. Na usichukue mwaka mmoja tu, chukua mitatu, kwa sababu shule yenye watahiniwa 20 watoto wawili tu wakiteleza ufaulu umeshuka asilimia 10 na walimu ni walewale.

Jambo la pili ni waliingia na uwezo gani. Shule ikichagua wenye alama za juu tangu mwanzo, matokeo mazuri si ajabu. Uingereza walianza kuchapisha majedwali ya kulinganisha shule mwaka 1992, lawama zikawa hizihizi, na mwaka 2016 sekondari za England zikaanza kupimwa na kitu kinaitwa Progress 8, yaani mwanafunzi analinganishwa na wenzake waliomaliza msingi na alama kama zake ndo ionekane shule imemsogeza kiasi gani. Tanzania nayo, NECTA ilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 iliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora, ila matokeo ya kila shule bado yako mtandaoni, watu wanajipangia orodha wenyewe.

Na huyo baba J msomee hii. Mwaka 2014 watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti wao wa shule za kitaifa za Kenya, zile kila mzazi anaziota. Waliwalinganisha waliopenya kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, yaani watoto wa uwezo mmoja, wakaangalia mtihani wa mwisho wa sekondari. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba ile shule kubwa iliwaongezea alama. Sisemi shule zote ni sawa, hapana, nasema jina kubwa peke yake sio ushahidi.

Ushahidi uko kwenye madaftari. Tafuta mtoto wa jirani anayesoma kila shule, kidato cha pili hivi, muombe daftari la hesabu na usiangalie alama, angalia tarehe. Somo linaendelea kila siku au kuna wiki tatu zimeruka? Kalamu nyekundu imepita lini mara ya mwisho, na ilipopita imeandika tu alama ya vema au imeonyesha mtoto kakosea hatua ipi, alafu mtoto akarudia? Dakika tano hapo utajua mengi kuliko kusikiliza hotuba ya mahafali. Uliza pia mwalimu wa hesabu yupo mmoja au wangapi, maana akiwa mmoja akiugua, shule nzima haina hesabu.

Umbali nao usiuchukulie poa. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala masaa 8 hadi 10. Piga hesabu ya kuamka, njia, kurudi, homework, kazi za nyumbani, alafu uone kama usingizi unabaki. Kama haubaki na hamna bweni, mi ningeanza kuiangalia ya karibu kwa jicho jingine.

SWALI: Binti yangu anapenda sayansi, shule ya karibu nasikia maabara yao ni chumba kimoja tu. Nimtafutie nyingine? (Baba wa Mabinti)

JIBU: Kaka, chumba kimoja kinachotumika kinashinda vitatu vilivyofungwa kufuli. Waulize wanafunzi wenyewe, sio uongozi, wameanza kufanya majaribio kidato gani? Wakikwambia tunafanya mwaka wa mwisho tu mtihani ukikaribia, hapo una sababu ya kutafuta kwingine. Wakikwambia tangu kidato cha kwanza, uliza na wasichana wangapi wanachukua fizikia, na kama ni wawili watatu tu darasa zima, ongea na hao wawili watatu kabla hujalipia sare.