Maswali ya Wasomaji: Projekta imeondoka na watoto wameondoka nayo

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nasimamia maktaba ndogo ya mtaa hapa Makorora, Tanga, chumba kimoja tu, mashelfu mawili, meza na mkeka. Hela ya shughuli za watoto hakuna kabisa, hata karatasi naomba omba. Mwanzo watoto walijaa maana kuna mtu alituazima projekta tukawa tunawaonyesha katuni, sasa mwenyewe kaichukua, watoto wanachungulia mlangoni wanauliza "leo ipo?" nikisema haipo wanageuza. Wachache wanaobaki wanagombania vitabu, vile vizuri imebidi tufungie kabatini visichanwe. Nifanye nini cha kuwafurahisha kisicho na gharama? Nifikirie kutoa pipi kila anayemaliza kitabu?
Binti wa Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Pipi usitoe. Mtoto akizoea kusoma ili apate pipi, siku pipi hamna na kusoma basi, na hilo umeshaliona kwenye projekta. Katuni zenyewe hazikuwa na ubaya ila zilikuwa zimekaa peke yake, hazikumpeleka mtoto kwenye kitabu chochote kilichopo shelfuni, kwa hiyo zilipoondoka hakuna kilichobaki. Mimi nakushauri uanze upya na kitabu, halafu mchezo utoke ndani ya hicho kitabu, ukifanya hivyo utashangaa hela inayohitajika ni ndogo kiasi gani.

Kwanza kabisa fungua kabati. Vitachanika, ndio, vingine havitarudi, hiyo ni sehemu ya kazi ya maktaba na bora kitabu kiishe mikononi mwa watoto kuliko kiote ukungu humo ndani, na unyevu wa pwani yetu unaujua. Wanaoazima wape mifuko ya kitambaa, kina mama wa mtaani hawakosi kanga kuukuu na fundi cherehani hakosi roho nzuri, maana mifuko ya plastiki tumeshaachana nayo tangu Juni 2019 ilipopigwa marufuku.

Sasa siku yenyewe. Kabla hujapanga nenda kaongee na walimu wa chuo cha Kurani hapo jirani, waulize watoto wanatoka saa ngapi, maana maktaba nyingi zinaweka kipindi cha watoto saa ambayo watoto wako chuoni afu wanalalamika watoto hawapendi kusoma. Ukishapata siku na saa usibadilishe tena. Wakija watatu soma, masika mvua inamwaga kaja mmoja, soma. Mtoto akijua kwamba kila wiki saa ile yupo mtu wa kumsomea atakuja, na atawaleta wenzake.

Kusoma kwa sauti ndo moyo wa kila kitu hapo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kitabu kisome nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sauti, ujue wapi pa kunong'ona na wapi pa kupaza. Kaa nao mkekani, sio kwenye kiti, kitabu kishike pembeni usawa wa bega picha ziwaangalie wao, we usome kwa kuchungulia upande. Anza na "Hadithi hadithi!" wakuitikie "Hadithi njoo!", hapo hata wale wa mlangoni wataingia. Kabla hujafungua ukurasa unaofuata simama, uliza "hivi mnaona atafanyaje huyu?" waache wabishane. Ukimaliza usiwaulize mhusika mkuu ni nani na funzo la hadithi ni nini, hayo wanayo shuleni yanatosha. Na wiki ijayo wakisema "kilekile!" basi soma kilekile. Wadogo wanapenda kurudia, mara ya tatu utawasikia wanasema sentensi pamoja na wewe, halafu utamkuta mmoja ambaye hata herufi hajazijua vizuri kakishika kitabu anakisoma kwa kukumbuka, kidole kinatembea kwenye maneno. Usimcheke wala usimwambie hujui kusoma wewe. Huyo ameshaanza.

Michezo sasa. Vitendawili ni bure na vinachangamsha kuliko katuni yoyote. Chukua boksi kubwa la dukani, lifungue, upande wa ndani chora ramani ya Afrika Mashariki kwa maka, haihitaji kuwa nzuri sana. Ukitega "kuku wangu katagia miibani" wakashindwa, ukasema nipe mji, aliyeshindwa akupe mji kweli na aende akaweke kizibo cha soda pale mji ulipo. Mwanzoni wote watatoa Dar na Mombasa, zikishatumika inabidi watafute, utasikia Korogwe, Lushoto, baadaye mtoto anakutajia Kigoma na anajua iko ziwani. Hapo wamesoma ramani bila kuambiwa kaa chini tusome ramani. (Jibu la hicho kitendawili ni nanasi, kama kuna msomaji amekwama.)

Kingine ni kitabu cha karatasi moja. Ikunje A4 mara tatu upate vyumba nane, ifungue yote, ikunje nusu ncha fupi zikutane, halafu kwa mkasi kata kuanzia pale ilipokunjwa ukifuata mstari wa kati mpaka mkunjo wa kwanza unaoukuta, usizidishe. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zije katikati, inajifunga yenyewe kitabu cha kurasa nane ukihesabu na kava, hakuna gundi wala pini. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo ukiomba rimu moja steshenari umepata vitabu 500. Mtoto aandike na kuchora chochote, baba anavyorudi na samaki kutoka soko la Deep Sea, paka wa nyumbani, popo wa mapango ya Amboni kama wiki hiyo mmesoma hadithi ya pango. Kisha, na hili usiliache, jina lake liandikwe kwenye kava na kitabu kiingie kwenye daftari la maktaba kwa namba kama vingine, wenzake wakiazime. Nimeona mtoto mtukutu anatulia kabisa siku anayoona kitabu chake kinagongwa mhuri. Na huo mhuri wa tarehe wape wagonge wenyewe kwa zamu, hiyo ni zawadi inayoshinda pipi.

Vitabu vikiwa vichache, mradi wa African Storybook una hadithi za Kiswahili bure mtandaoni na leseni yake inaruhusu kuchapa, unapakua kwa simu unatoa kopi chache unazishona mgongoni kwa uzi wa katani, katani si ndio kwetu. Nenda pia maktaba ya mkoa pale mjini uongee nao, nao kazi yao ni hiyohiyo. Na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayokumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliouawa wakiandamana mwaka 1976, waalike wazazi waje wakae mkekani wasomewe na watoto wao.

SWALI: Kijana wangu yuko darasa la tano lakini akienda maktaba anachukua vitabu vya picha vya wadogo zake. Nimkataze?
Baba wa watatu, Pongwe

JIBU: Usimkataze baba. Vitabu vyepesi vinampa kasi, na mtoto anayesoma kwa kasi hachoki mapema. Mwambie awasomee hao wadogo zake jioni, hapo vitabu vya picha vinakuwa kazi yake ya ukubwa na haoni aibu. Na wewe chukua kimoja cha umri wake, mwanzoni soma wewe kurasa mbili tatu kwa sauti akisikiliza, palipo patamu ufunge umwachie.