Programu ya kusafishia picha za RAW

Ndugu, umesema umenunua kamera ya Canon, unapiga RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijageuzwa kuwa picha ya kawaida ya JPEG), na unataka kujua uanze na programu gani kabla hujatoa hela. Mi nakushauri anza na ya Canon wenyewe, Digital Photo Professional, ni ya bure na rangi zinatoka karibu sawa na ulivyoziona kwenye kioo cha kamera, manake programu zingine kila moja inasoma faili kivyake, ndo maana picha ileile ukiifungua kwingine inaweza kuonekana imepauka, usiogope, faili halijaharibika.

Ikikubana hamia darktable au RawTherapee, nazo bure, zinakubali Windows, Mac na Linux. darktable ina vitu vingi mpaka kichwa kinauma wiki ya kwanza ila vumilia. Lightroom nzuri sana lakini malipo yake hayaishi, subiri picha zianze kukuingizia kitu.

Pima hivi: chukua picha moja ngumu, mtu kakaa dirishani uso giza nje kweupe, ifungue kwenye kila programu, inua kivuli cha uso, yaani ongeza mwanga kwenye sehemu za giza, taratibu uone kama ngozi inabaki ngozi au inageuka chengachenga za kijani na zambarau. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG 256 tu, kwa hiyo kivulini kuna cha kuinua, hapo ndo utaijua programu inayofanya kazi.

Na mafaili ya RAW usiyafute ukishatoa JPEG, tafadhali. Mi nilifuta ya harusi ya dada angu, najuta mpaka leo.