Fundi mkuu anakuzidi umri, na mradi umekabidhiwa wewe

Kuna dada ameniandikia wiki hii. Ni fundi sanifu, ameajiriwa halmashauri juzijuzi, na sasa amepewa asimamie ujenzi wa bweni. Anasema akitoa agizo, mafundi wanamtazama kwanza fundi mkuu, na yeye akitikisa kichwa basi kazi haifanyiki. Anauliza afanyeje.

Mdogo wangu, nimepita hapo hapo ulipo, na nilitoka na madarasa yamesimama. Ngoja nikueleze.

Mwishoni mwa 2021 serikali ya Tanzania ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa zile fedha za UVIKO-19, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3. Kila darasa lilitengewa milioni 20, na Januari 2022 kidato cha kwanza walitakiwa waingie wote kwa mkupuo mmoja. Mimi nikapangiwa sekondari moja ya kata. Mkandarasi hakuna, ni fosi akaunti, yaani shule inajijengea yenyewe: fundi wa hapo hapo kijijini, kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, mkuu wa shule, na wewe katikati yao wote. Watu hudhani miradi ile ilisumbuliwa na saruji tu. Kweli saruji ilipanda bei, tukahangaika nayo. Lakini mimi nimeona lori la kokoto likilala nje ya geti kwa sababu mwenyekiti wa mapokezi na mkuu wa shule walikuwa hawasemezani, na bila saini ya mapokezi mzigo haushuki. Hilo halimo kwenye mchoro wowote.

Fundi mkuu wetu alikuwa mzee mwenye jina lake, nyumba nyingi za kata ile kajenga yeye. Siku ya kwanza akaniuliza mbele ya vijana wake, "Binti, umekuja kukagua au kupiga picha?" Wakacheka. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anitembeze eneo zima na anioneshe maji yanasimama wapi wakati wa masika. Akanipeleka kona ya kusini. Mchoro haukuwa na habari hiyo. Tukashusha msingi zaidi kona ile, na nikawaambia vijana wazi kwamba ushauri umetoka kwa mzee.

Anza hapo. Muulize mtu anachokijua kabla hujamwambia unachokitaka, na umuulize kwa sababu kweli unahitaji jibu. Wazee wanatambua upesi ukiwa unawapaka mafuta.

Halafu ikaja siku ya timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Ukuta wa darasa la pili ulikuwa umefika kozi ya sita, yaani safu ya sita ya tofali. Nikashusha timazi, uzi ukaachana na tofali kule chini kwa upana wa kidole gumba. Ukuta ulikuwa unalala nje, na kozi tatu za juu ilikuwa lazima zishuke. Saidia fundi wote wamesimama na makarai, wanasubiri kuona binti na mzee watafanyaje. Nikakunja uzi nikamwambia, "Mzee, twende tukanywe chai." Kwa mama ntilie nikaiweka timazi mezani mbele yake. "Mzee, naomba ukaupime mwenyewe ule ukuta wa la pili, kisha uniambie." Hakumaliza chapati yake. Akaenda, akapima, akapima tena, akawageukia vijana: "Teremsheni kozi tatu." Amri ilitoka kinywani mwake. Tangu siku ile aliniita injinia, na vijana wakamfuata.

Unapomsema mtu mzima mbele ya anaowaongoza, hata ukiwa na haki, umemlazimisha atetee kosa. Mwite pembeni. Nalirudia hili kila ninapokwenda na bado nasikia wasimamizi wakifoka saiti kama wanafukuza mbuzi, halafu wanashangaa kwa nini nondo zinapungua stoo.

Jambo jingine ni pesa. Awamu ya pili ya ujira ilichelewa, na nikashauriwa niwaambie vibarua "kesho". Nilikataa. Niliwaita chini ya mwembe nikawaeleza karatasi zimefika wapi, nani hajasaini, na kwamba siku ya kulipwa siijui, ila Ijumaa nitarudi hata kama sina jipya. Ijumaa nikarudi sina jipya, nikasema hivyo hivyo. Wawili waliondoka. Waliobaki waliendelea kumwagilia zege la mkanda, ule unaofunga kuta pamoja, asubuhi na jioni, maana zege halingoji malipo. Likikauka siku zile 7 za mwanzo limeharibika. Mtu uliyemdanganya kuhusu ujira wake hawezi kukumwagilia zege ukiwa umekwenda mjini.

Madarasa tuliyakabidhi kwa wakati. Siku ya makabidhiano wakasoma majina ya kupongezwa. La fundi mkuu halikusomwa. Langu halikusomwa. Aliyepewa cheti ni mtu aliyefika saiti siku za wageni tu. Inaniuma hadi leo, na sioni haya kulisema.

Ndugu zangu mliopewa kuongoza watu, kumtaja mtu kwa jina hakugharimu hata shilingi kwenye bajeti. Kwenye kila mradi wangu sasa, ukurasa wa kwanza wa daftari la saiti una majina yote: fundi, saidia fundi, mlinzi, mama anayetuletea maji. Siku ya makabidhiano naomba kipaza sauti nayasoma mimi mwenyewe, hata mgeni rasmi akiwa na haraka. Na vijana ninaowafundisha kazi, asiyejua jina la mbeba zege wake namrudisha akamuulize kabla hatujaanza kikao.